Wafu Kumi na Mmoja Walio Mikononi Mwangu

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za watu watano wa duka letu la dobi. Wanne kati yao hawajui kwamba nakuandikia, nami naomba wasijue.

Sisi tunafua, tunatia wanga, tunapiga pasi na kukunja. Kazi yangu ni kupokea nguo na kuziandika daftarini: shati la nani, lina doa gani, kifungo kipi kimekatika. Nyumbani nina daftari jingine, shajara, ambalo nimeliandika kila siku tangu nikiwa kidato cha pili. Nalitaja ili ujue kwamba tarehe zote utakazozikuta humu ni sahihi na kwamba sikulalamikii kwa kubahatisha.

Ninayoilalamikia ni hadithi ya "Ngome Saba za Ukungu", ile inayotoka kila Jumamosi katika ukurasa wa kumi na mbili wa gazeti lako. Tangu ianze tarehe 10 Februari, Mwandishi wako ameua watu kumi na mmoja. Yeye akishaua huendelea na safari yake. Wafu wake wote ninao mimi. Nawalisha, nawavisha, nawatafutia la kufanya, na sasa nimeelemewa.

Nikueleze ilivyokuwa.

Mwenye duka ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka sita. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, huu mwaka wa tatu. Haoni uso wa mteja, lakini mpe shati alipapase, atakuambia ni la nani na kwamba mwenyewe amenenepa. Hadithi yako alikuwa akisomewa na mumewe kila Jumatatu asubuhi, hapo hapo dukani, sisi tukiendelea na kazi. Mumewe alisoma matoleo matano ya kwanza. Alikuwa na sauti ya kila mtu. Akifika kwenye maneno ya Bwana wa Daraja alikuwa akiweka mkono kiunoni na kukohoa kikabaila, nasi tukacheka hata pale ambapo Mwandishi hakukusudia. Toleo la sita lilitoka Jumamosi tarehe 16 Machi. Yeye alifariki ghafla Jumapili, tarehe 17, kabla hajalifungua.

Baada ya wiki mbili Shangazi alinikabidhi magazeti yaliyokuwa yamelimbikizana akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma hapa. Sasa wewe ndiye macho yangu." Nikaanza. Dukani kwetu gazeti ni moja, halishikwi na mwenye mikono yenye maji, na likishasomwa huingia katika sanduku la bati la Shangazi, likafungwa kwa kufuli. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwetu sisi hadithi yako ni ile inayotoka kinywani mwangu. Hakuna nyingine. Hilo ndilo lililoniponza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Toleo la tisa, Bwana wa Daraja. Wakati huo sikuwa na desturi ya kulipitia gazeti kabla ya kusoma. Jumatatu tarehe 8 Aprili nilifika aya ya nne, na mshale ulikuwa umekwisha kutoka kwenye upinde, unaelekea shingoni. Macho yangu yalitangulia mstari mmoja nikaona: "akaanguka, hakuinuka tena." Nikainua uso. Shangazi alikuwa ameacha kukunja. Tulikuwa tumemzika mumewe wiki tatu tu zilizopita. Ningesomaje? Nikasema kwamba mshale ulifika kwenye kola, na kola ilikuwa imetiwa wanga barabara, basi ukateleza ukaenda kuchoma mlango. Kilichobaki katika ukurasa ule, ambacho kwa kuupitishia macho tu niliona kinahusu mjane, nilikiruka chote, na sijakisoma hadi leo.

Mzee wa Pasi, ambaye amepiga pasi miaka thelathini na hajawahi kusifiwa na maandishi yoyote, aligonga meza. "Mmesikia? Wanga huo! Wanga wa kupikwa, si huu wa siku hizi wa kunyunyiza!" Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akaendelea kukunja. Wiki ile tulizitia wanga kola za watu kwa bidii hata mwalimu mmoja akarudi kulalamika kwamba akiandika ubaoni hawezi kugeuka kuwatazama wanafunzi.

Ninalalamika, basi, kwamba Mwandishi alimwua mtu bila kujiuliza ni nani anayesikiliza.

2. Ukimwokoa mmoja, wa pili naye atataka. Tarehe 13 Mei, katika toleo la kumi na nne, Mtunza Mwewe alisukumwa kutoka juu ya mnara. Huyu alikuwa kipenzi cha Mama Vifungo, mshonaji wetu wa vifungo, ambaye kwa wiki nne alikuwa akimtafutia mchumba miongoni mwa wanawake wa hadithi na kuwakataa wote. Aliposikia neno "mnara" alisema, "Mwanangu, angalia. Nina sindano mkononi." Nikaangalia. Nikatandaza chini ya mnara kamba za nguo za kasri zima, shuka arobaini, na Mtunza Mwewe akaanguka shuka baada ya shuka mpaka akafika chini amekaa kitako. Kilichoulizwa dukani ni kimoja tu: vibanio vilikuwa vya mbao au vya plastiki? Nikajibu vya mbao, maana ni enzi za kale.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tarehe 17 Juni mapacha wa Malkia walizama mtoni. Kumbe walijua kuogelea. Mpishi Mkuu alilishwa sumu; akatapika. Mganga wa Kasri alifungiwa katika nyumba inayoungua; ilikuwa na mlango wa nyuma. Ndugu watatu wa Kivukoni walikatwakatwa kwa mapanga siku moja, na hao walinitoa jasho, lakini niligundua kwamba jua lilikuwa limezama na adui alikuwa anakata vivuli. Ilipofika mwisho wa Agosti shajara yangu ilikuwa na ukurasa wenye kichwa "Walio hai kwa jitihada zangu", na ndani yake majina tisa.

3. Ndoa. Tarehe 15 Julai nilifungua gazeti nikakuta Bibi wa Daraja anaolewa. Anaolewa na nani, Ndugu Mhariri, na mumewe yupo? Nilisema anayeolewa si yeye, ni binamu yake wa kike anayefanana naye. Nilidhani yamekwisha. Mwezi wa tisa binamu huyo akapata mimba, na Mwandishi akaendelea kumwita Bibi wa Daraja katika kila mstari, na mimi kila mstari naongeza "yule binamu", hadi Shangazi akaniuliza kama jina hilo ni la mtu au la ugonjwa unaoambukiza.

4. Wafu wangu hawana kazi. Mwandishi akishamwua mtu hamtaji tena, na hiyo ni haki yake. Lakini mimi nina watu wazima, wenye afya, ambao hadithi haiwataji. Wako wapi? Wanakula nini? Mama Vifungo huuliza kila Jumatatu, "Na yule wangu wa mwewe, hajambo?" Huwezi kumjibu mtu kama yule kwamba hukumwona. Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, niliwafungulia duka la dobi uani kwa kasri. Bwana wa Daraja hupokea nguo. Mtunza Mwewe huanika, kwa kuwa kamba amezizoea. Mapacha hukamua shuka, mmoja huku mmoja kule. Malkia Mama, aliyekatwa kichwa mwezi wa tisa kwa mujibu wa gazeti lako, hukunja leso.

Sasa watu wangu wanaipenda sehemu hiyo kuliko vita vyako vyote. Wiki moja ngome ya tatu imezingirwa, moto unawaka pande nne, joka liko juu ya paa, na Mzee wa Pasi akanikatiza: "Hayo ya kuzingirwa tutayasikia. Kwanza tuambie, lile doa la mvinyo kwenye joho la Waziri lilitoka?" Lilikuwa limetoka. Walipiga makofi.

5. Uhalisia. Katika toleo la thelathini na nane, ukurasa wa barua, msomaji mmoja alilalamika kwamba vifo vimezidi, nawe ukamjibu kwa mstari mmoja: "Hadithi yetu hufuata uhalisia. Vitani watu hufa."

Ndugu Mhariri, kuhusu vita sina utaalamu. Kuhusu damu ninao. Katika toleo la kumi na mbili mpambe wa Mfalme anafua joho jeupe lililolowa damu, kwa maji ya moto, na kulipokucha joho ni jeupe kama maziwa. Maji ya moto, Ndugu Mhariri! Maji ya moto huipika damu ikakaa hapo milele. Damu hutolewa kwa maji baridi, chumvi na subira. Katika toleo la ishirini na saba jeshi linatembea siku arobaini katika mvua na matope, kisha linaingia mjini likiwa na sare nyeupe zinazong'aa. Nani alizifua? Zilikaukia wapi? Kuhusu joka lenyewe sina neno. Joka ni joka. Ila linapita juu ya mji likitoa moshi mweusi, na katika mji mzima hakuna hata mwanamke mmoja anayetoka mbio kuanua nguo zake. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mwandishi hajawahi kuwa na kamba ya nguo.

Uhalisia unaoonekana wakati wa kuua tu, na kwingine kote haupo, mimi siuiti uhalisia. Nauita uvivu.

6. Sajini. Huyu ndiye anayefua, na kabla ya hapo alikuwa askari. Tarehe 28 Oktoba alitoa mikono yake kwenye beseni, akaikung'uta, akasema, "Kijana, nimekaa jeshini miaka ishirini na miwili. Vita gani hivi? Wamepigana mara sita. Aliyeumia ni farasi mmoja na kola."

"Wewe unataka watu wafe ili iweje?" Mama Vifungo akamrukia.

"Sitaki wafe, mama. Nataka vita viwe vita. Mtu ambaye hawezi kufa, ushujaa wake uko wapi?"

"Uko katika kuja kazini kesho yake," akasema Mzee wa Pasi.

"Hebu nyamaza, wewe adui yako ni mkunjo wa suruali."

"Na sijawahi kushindwa!"

Wakacheka, wakabishana mpaka chai ikapoa. Shangazi peke yake hakutia neno. Jioni niliandika katika shajara: "Sajini ana haki. Sijui nitamficha hadi lini." Jumatatu iliyofuata, ili kumridhisha, nilimwua farasi wa pili.

7. Kinyozi. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi naye hununua gazeti lako na kuwasomea wateja wake, kama lilivyo, neno kwa neno. Siwezi kumlaumu, hana wanga. Tarehe 9 Novemba Mwandishi alimwua Mfalme Kiziwi. Mimi Jumatatu nilimwachisha tu ufalme akaja kukunja shuka na wenzake. Jumanne, tarehe 12, Mzee wa Pasi alikwenda kunyolewa ndevu, na kinyozi, mtu wa heshima zake, akampa pole. Pole ya nini? Ya Mfalme, akasema, na ya wengine wote tangu Bwana wa Daraja, maana mwaka huu tumeondokewa sana.

Mzee wa Pasi alirudi amenyolewa upande mmoja, taulo shingoni, povu shavuni. "Anawazushia watu kifo! Watu wazima wanafanya kazi zao, anawazushia kifo!" Kinyozi akatoka mlangoni na wembe wake. "Wamekufa!" "Wazima!" "Mtunza Mwewe amekufa tangu mwezi wa tano!" "Ameanika nguo jana!" Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alisimama akaniuliza kwa upole wagonjwa wamelazwa wapi.

Kisha wote wakanigeukia mimi, niliyesoma. Nami, Ndugu Mhariri, nilisema kwamba kinyozi husoma kwa kuruka mistari. Mtu aliyeninyoa tangu nikiwa shule ya msingi, nikamvunjia jina mbele ya barabara nzima. Mzee wa Pasi ana ndevu za upande mmoja hadi leo ninapoandika, na ameapa hatarudi kule mpaka aombwe radhi.

8. Hili la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Hayo saba ni maelezo tu. Alhamisi tarehe 28 Novemba Shangazi atapasuliwa jicho la kulia. Daktari ana matumaini makubwa. Tulifurahi, tukamuuliza akianza kuona atatazama nini kwanza. Mimi nilidhani atasema uso wangu. Alipiga sanduku la bati kwa kiganja. "Nitaanza toleo la kwanza. Nisome mwenyewe, polepole, mpaka hapa tulipofika. Nataka nione huo wanga umeandikwaje."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina urefu wa magazeti arobaini na moja, na ufunguo wake Shangazi ameuvaa shingoni. Sikuogopi wewe, wala Mwandishi, wala kinyozi na wembe wake. Naogopa jambo moja. Yule mama aliniambia mimi ni macho yake. Atakapopata yake atajua kwamba aliyoyaazima yalikuwa yakimdanganya tangu Aprili, tena ndani ya msiba wake, na sijui kama atanikabidhi tena hata orodha ya soksi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini hayazidi uwezo wa gazeti kubwa kama lako.

Kwanza, toleo la tarehe 23 Novemba litangaze kwamba vifo vyote kumi na moja vilikuwa ndoto ya joka. Joka hulala sana, kwa hiyo ndoto ya miezi saba haitamshangaza msomaji yeyote mwenye akili.

Pili, kwa kuwa tangazo hilo halitafuta yaliyomo sandukuni, naomba matoleo yote yenye vifo yachapishwe upya, nakala moja moja, kwa tarehe zake za zamani, jinsi nilivyoyasoma mimi. Maneno yote ninayo katika shajara. Naambatisha kurasa thelathini na nne. Karatasi ziwe zimepauka kidogo. Toleo la kumi na nne liwe na alama ya kikombe cha chai pembeni, upande wa kushoto. Namna ya kuyaingiza sandukuni niachie mimi.

Tatu, ukiona hayo ni mengi, basi nifanyie toleo la tisa peke yake. Wengine nitawazika mwenyewe, mmoja mmoja, kwa ustaarabu. Bwana wa Daraja aishi. Huyo tu.

Nne, Mwandishi afike dukani kwetu siku moja tumwonyeshe damu inavyotoka. Asije Jumatatu.

Nisalimie wapanga kurasa, msahihishaji ambaye nimemkamata na makosa matatu tu mwaka mzima, mchoraji wa ile picha ya farasi, na mfagizi wa ofisi, kwa maana yeye ndiye huingia wa kwanza na hakuna anayemwandikia. Msalimie na Mwandishi. Simchukii. Namwomba apunguze mkono.

Mimi, kwa heshima na kwa haraka,
Mpokea Nguo


Nyongeza. Jumanne, tarehe 10 Desemba

Ndugu Mhariri, barua hiyo hapo juu haikufika posta. Jumatatu, kesho yake baada ya kuiandika, daktari alipiga simu kwamba kumepatikana nafasi Jumanne. Nikamsindikiza Shangazi, barua ikabaki ndani ya shajara. Alifunguliwa bandeji Jumatano. Alinitazama kwa muda, akasema nimekonda na kwamba masikio haya ni ya baba yangu mtupu. Jumatatu zilizofuata alikataa nisome. "Tusubiri miwani," akasema, na mimi nikawa nasubiri miwani ile kama mtu anavyosubiri hukumu.

Miwani ilikuja tarehe 3. Tarehe 4 alijifungia chumbani na sanduku. Siku tatu. Jumamosi asubuhi aliingia dukani na toleo la tisa mkononi, akawatuma wenzangu wote watatu kwenda kuanika shuka moja.

"Kwa hiyo alikufa," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mshale ulimwingia shingoni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Wanga, mwanangu! Wanga wa kuzuia mshale!" Alicheka hadi akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. Mimi sikucheka. Sikujua kama nina ruhusa.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyanakili kama yalivyo: "Unajua miezi yote hii nimekuwa nikimwonea wivu yule mwanamke? Kila Jumatatu unasoma, mumewe mzima, anapokea nguo za watu. Nami nimekaa hapa nakunja mashati nasema moyoni, kwa nini wake abaki? Nikamchukia, Mungu anisamehe, mtu wa gazetini. Kumbe ni mwenzangu. Kumbe siku zile alikuwa akilia kama mimi, ukurasa mzima, na wewe umenifungia mwenzangu sandukuni."

Niliomba radhi. Alisema dhambi zangu ni mbili, kumdanganya yeye na kumsingizia kinyozi, na kwamba ya kwanza amekwisha kuisamehe lakini ya pili si yake, akanionyesha mlango. Nilivuka barabara. Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho, akanikalisha kwenye kiti, akaninyoa kipara bila kuniuliza, kisha akanisamehe.

Jana, Jumatatu, Shangazi alivaa miwani na kusoma mwenyewe, kwa sauti, vifo vyote kwa mpangilio, kuanzia toleo la tisa. Watu kumi na mmoja walikufa dukani kwetu kabla ya saa sita mchana. Sajini alisimama wima kwa kila mmoja, maji yakimchuruzika viwikoni. Mama Vifungo aliwalilia mapacha mara moja na Mtunza Mwewe mara mbili. Kinyozi alikuja na kiti chake ili aone ushindi wake, na ndiye aliyeanza kupenga kamasi. Mzee wa Pasi alinuna mpaka saa nne, akauliza ni nani basi atakayefua nguo za kasri, akaambiwa hilo ni swali zuri, akaridhika. Sijui nielezeje, lakini tangu Machi hatujawa na Jumatatu yenye furaha kama ile. Walikuwa wakifuta machozi na kusema, "Haya, nani anafuata?"

Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote. Usimfufue mtu. Joka lisiote chochote. Bwana wa Daraja mwache alipolala. Sajini anasema Mwandishi aue atakavyo, ila asiguse farasi tena, maana hao wametosha. Zile kurasa thelathini na nne nimezitoa bahashani. Mzee wa Pasi anazitaka. Kuhusu damu na maji ya moto sibadilishi hata neno.

Limebaki jambo moja, nalo si langu. Katika toleo la tisa, aya ya mwisho, ambayo nimeisoma wiki hii kwa mara ya kwanza, Bibi wa Daraja anarudi kutoka makaburini, anapanda kitandani na kulala upande wa mumewe, ili upande utakaokuwa mtupu uwe ule wake mwenyewe. Shangazi amefanya hivyo tangu tarehe 17 Machi. Hakuwahi kumwambia mtu, na alidhani ni yeye peke yake duniani. Anamwuliza Mwandishi: ulijuaje?

Jibu usilichapishe gazetini, wala usinitumie mimi. Mtumie yeye. Sasa anajisomea.